Upara wa Wanaume na Dawa Zake

Ninyi mlio na karatasi hii mikononi, someni taratibu. Penye neno gumu nimeeleza maana yake palepale.

Leo tuna barua. Ameiandika mwanafunzi mmoja wa darasa la jioni, fundi seremala mwenye umri wa miaka 34. Jina lake tutaliacha, maana mwenyewe ameomba hivyo. Kabla ya kuingia darasani hakuweza kuandika hata hilo jina, na sasa ametuandikia kurasa mbili kwa mkono wake. Hongera, bwana fundi.

Asema hivi. Alipokuwa na miaka 27 nywele zake zilianza kurudi nyuma penye panja, yaani pembeni, juu ya paji la uso. Baadaye utosi nao ukaanza kung'aa. Siku moja, kwenye stendi ya basi, alikutana na mtu auzaye mafuta katika chupa ndogo. Muuzaji akamwambia kwamba nywele zitaota kwa siku saba. Fundi akanunua. Siku saba zikapita, hakuona kitu. Akarudi, akaambiwa chupa moja haitoshi. Akanunua ya pili, kisha ya tatu. Fedha hizo alikuwa akiziweka kwa ajili ya mabati ya nyumba yake. Mwisho wa barua auliza: "Sasa naambiwa kuna kidonge cha hospitali kinachozuia upara. Je, ni kweli? Na je, ni kweli kwamba kidonge hicho huondoa nguvu za kiume?"

Nitajibu bila kuficha. Tena niwaambie jambo ambalo redio haiwezi kuwaonyesha: mimi ninayesema nanyi nina kipara, tangu miaka mingi. Basi asidhani mtu kwamba namcheka.

Kwanza tujue nywele huotaje. Kila unywele hutoka katika kishimo kidogo sana ndani ya ngozi. Kichwa cha mtu kina vishimo vipatavyo 100,000. Unywele huota kwa muda wa miaka miwili hadi sita, kisha hupumzika kama miezi mitatu, kisha hudondoka, na kishimo kilekile huanza kuotesha mwingine. Ndiyo sababu kila mtu, hata mwenye nywele tele, hupoteza nywele 50 hadi 100 kwa siku. Ukiziona kwenye kitana usishtuke.

Kwa mtu anayeingia upara mambo hugeuka polepole. Kila unywele mpya huota mwembamba na mfupi kuliko ule uliotangulia. Mwishowe huwa kama malaika, vile vinywele laini vya mkononi, na mtu akitazama huona ngozi tupu. Fahamuni hapo, ndugu zangu: kwa muda mrefu kishimo kingalipo, ila kimedhoofika. Kikikaa hivyo miaka mingi hakiamki tena. Neno hili lishikeni, maana dawa zote tutakazozitaja zasimama juu yake.

Ni nini kinachodhoofisha vishimo? Ni homoni. Homoni ni kitu kinachotengenezwa na tezi za mwili na kuchukuliwa na damu, mfano wa tarishi apelekaye amri kutoka mahali hata mahali. Homoni ya kiume huitwa testosteroni. Sehemu yake hugeuzwa na mwili kuwa homoni nyingine yenye nguvu zaidi, ambayo waganga huiita kwa herufi tatu, DHT. Hiyo DHT ndiyo iotayo ndevu kidevuni. Lakini kichwani mwa wanaume wengine, kwenye panja na utosini, hunyausha nywele. Ajabu kwelikweli: kitu kimoja kinaotesha chini na kufyeka juu. Nywele za kisogoni na juu ya masikio haziidhuriki nayo, ndipo mzee mwenye kipara akabaki na ukanda wa nywele nyuma.

Mtaalamu mmoja wa Marekani, James Hamilton, alieleza jambo hili mwaka 1942. Alichunguza wanaume waliokosa homoni ya kiume, wakiwamo waliohasiwa kabla ya kubalehe. Hao waliohasiwa mapema hawakupata upara. Lakini baadhi yao, wale waliotoka katika jamaa zenye vipara, walipopewa homoni ya kiume nywele zilianza kupungua. Basi mambo mawili yapasa kukutana: homoni, na urithi. Watu husema upara hurithiwa kwa mama peke yake. Si kweli. Upande wa mama una sehemu kubwa, lakini baba naye hurithisha.

Kwa hiyo kofia haileti upara. Kuoga kwa sabuni hakuleti upara. Wala si kweli kwamba mwenye kipara ana akili nyingi. Ingekuwa hivyo mimi ningalikuwa mbali! Wala hana mali kuliko wengine. Mzaha huu wa mali, ambao huku kwetu tunaucheka, mahali pengine umeua watu. Mwaka 1957? La, si zamani hivyo: ni mwaka 2017. Katika wilaya ya Milange, nchini Msumbiji, polisi walitangaza kwamba wanaume wenye vipara wameuawa na watu walioamini kwamba kichwani mwao mna dhahabu. Ndani ya kichwa chenye kipara mna ubongo, kama katika kichwa chochote kingine.

Sasa kabla ya kuuliza dawa, yapasa kujua kama huo ni upara au ni ugonjwa. Upara wa kawaida huja polepole, hauwashi, hautoi usaha, nao hufuata njia yake, panja kisha utosi. Ukiona nywele zinatoka kwa viraka, au ngozi inatoa magamba, au kuna maumivu na usaha, nenda zahanati. Kwa watoto mara nyingi huwa ni mapunye, na mapunye yana dawa ya kumeza. Mafuta ya kupaka peke yake hayatoshi. Kaswende nayo yaweza kutoa nywele kwa vipande vipande kama nguo iliyoliwa na nondo, na hiyo si ya kungoja hata siku moja. Baada ya homa kali nywele nyingi huweza kudondoka miezi miwili au mitatu baadaye, halafu zikarudi zenyewe. Upungufu wa damu na ugonjwa wa tezi ya shingo huweza kufanya vivyo hivyo. Mtu anayepaka mafuta ya stendi huku ana kaswende hapotezi fedha tu, anampa adui nafasi.

Bwana fundi, kwa jinsi ulivyoeleza, nywele zako zimefuata njia ya upara wa kawaida. Hata hivyo mganga akuangalie kwa macho yake. Mimi nimeona barua tu.

Zipo dawa mbili ambazo zimejaribiwa kwa wanaume wengi na kuonekana zafaa. Ya kwanza ni ya kupaka, nayo yaitwa minoksidili. Kwenye chupa mtaona herufi hizi: M-I-N-O-X-I-D-I-L. Ziandikeni daftarini.

Dawa hii haikutafutwa kwa ajili ya nywele. Ilikuwa kidonge cha kushusha shinikizo la damu, kikaruhusiwa Marekani mwaka 1979. Waganga wakaona wagonjwa wakiota nywele usoni na mikononi mahali ambapo hazikuwapo. Ndipo wakaigeuza kuwa maji ya kupaka kichwani, yakaruhusiwa huko mwaka 1988. Kwa wanaume hutumiwa sana ile yenye nguvu ya asilimia 5. Hupakwa kwenye ngozi ya kichwa, si kwenye nywele, mililita 1 asubuhi na mililita 1 jioni, kichwa kikiwa kikavu. Kisha nawa mikono.

Wiki za kwanza nywele huweza kudondoka zaidi kuliko mwanzo. Wengi hapo hukasirika na kutupa chupa. Si dalili mbaya. Nywele kongwe zapisha mpya. Faida, kama ipo, huonekana baada ya miezi minne au zaidi. Wengine hupata nywele za kuonekana, wengine hupata kidogo, wengine hawapati kitu. Ngozi huweza kuwasha au kutoa mba. Mwenye ugonjwa wa moyo asiitumie bila kumwuliza daktari, na yeyote anayesikia moyo kwenda mbio, kizunguzungu au miguu kuvimba aiache na kwenda hospitali. Iwekeni mbali na watoto, maana mtoto akiinywa shinikizo la damu huweza kuanguka vibaya. Na wenye paka nyumbani wajihadhari: paka akiilamba huweza kufa.

Dawa ya pili ndiyo kile kidonge alichokiuliza fundi. Chaitwa finasteraidi, na kwenye sanduku huandikwa F-I-N-A-S-T-E-R-I-D-E. Hadithi yake yaanzia katika kijiji kiitwacho Salinas, nchi ya Dominika, ile yenye mji mkuu wa Santo Domingo. Huko walizaliwa watoto waliodhaniwa kuwa wasichana, na walipofika umri wa kubalehe wakaonekana kuwa wavulana. Mwaka 1974 madaktari walitoa habari zao. Mwili wa watu hao ulishindwa kugeuza testosteroni kuwa DHT. Walikua wanaume wenye misuli, lakini ndevu zao zilikuwa chache, tezi dume yao ndogo, na upara hawakuupata. (Tezi dume ni tezi ya wanaume iliyo chini ya kibofu cha mkojo, nayo huwasumbua wazee.) Wataalamu wakafikiri: kama tukiweza kuzuia mgeuzo huo kwa mtu mzima, tutasaidia tezi dume. Wakatengeneza finasteraidi. Mwaka 1992 iliruhusiwa Marekani kwa tezi dume, kidonge cha miligramu 5. Mwaka 1997 ikaruhusiwa kwa upara, kidonge cha miligramu 1, kimoja kila siku.

Je, chafaa? Katika majaribio ya miaka miwili, nywele za wanaume zilihesabiwa mwanzo na mwisho. Kati ya kila wanaume 100 waliomeza kidonge hiki, 83 hawakupungukiwa na nywele. Kati ya kila 100 waliomeza kidonge kisicho na dawa, ni 28 tu ambao hawakupungukiwa. Someni tena hesabu hiyo polepole. Haisemi kwamba watu 83 waliota nywele kama za kijana wa miaka 18. Yasema kwamba zilizokuwapo hazikupungua. Kazi kubwa ya kidonge hiki ni kulinda, na alindaye hawezi kulinda ng'ombe aliyekwisha kuibwa. Mzee mwenye kipara cha miaka ishirini asitegemee mengi.

Sasa lile swali la nguvu za kiume. Ndiyo, kuna ukweli ndani yake, ingawa watu wameukuza. Katika majaribio hayo wanaume wachache, kama 2 katika 100, walipungukiwa hamu au nguvu, na kwa kawaida ilirudi walipoacha dawa. Hata walio kwenye kidonge kisicho na dawa, kama 1 katika 100 alilalamika vivyo hivyo. Lakini wapo wanaume waliosema kwamba taabu iliendelea hata baada ya kuacha, na tangu mwaka 2012 maonyo ya dawa hiyo huko Marekani yalitaja habari hiyo. Wengine huvimba au kuumwa matiti. Na mwaka 2025 shirika la dawa la Ulaya lilithibitisha kwamba dawa hii huweza kuwaletea wengine mawazo ya kujiua. Mtu akianza kuimeza, kisha moyo ukawa mzito, akakosa usingizi na kuona maisha hayana maana, aache kidonge na amwone daktari mara moja. Tena amwambie mkewe au ndugu yake tangu mwanzo kwamba anameza dawa hii, maana mara nyingi wengine huona mabadiliko kabla yetu sisi wenyewe.

Kuna mambo mawili zaidi. Mwanamke mwenye mimba asishike kidonge kilichovunjika au kusagwa, maana dawa ikimfikia mtoto wa kiume tumboni huweza kuharibu umbo lake. Na mwanaume anayepimwa damu kwa ajili ya tezi dume, kipimo kiitwacho PSA, lazima amwambie mpimaji kwamba anatumia finasteraidi. Dawa hii hushusha namba ya kipimo hicho karibu nusu, na saratani huweza kujificha nyuma ya namba ndogo.

Hizo mbili zina tabia moja inayofanana, nayo ndiyo ambayo wauzaji hawapendi kuisema. Zafanya kazi maadamu unazitumia. Ukiacha minoksidili, ndani ya miezi michache ulichopata chote hudondoka. Ukiacha finasteraidi, katika mwaka mmoja hivi hurudi pale ambapo ungalikuwa. Si kama dawa ya malaria, umeze siku tatu umalize. Ni kama kupalilia. Mtu akiniuliza "Je, naweza kununua chupa hii?" mimi humjibu: hilo si swali. Swali ni kama waweza kuinunua miaka kumi.

Wapo pia wanaofanyiwa upasuaji wa kupandikiza. Wakulima wa mpunga mtaelewa upesi, maana ni kuatika miche. Daktari huchukua nywele za kisogoni, ambazo hazidhuriki na DHT, na kuziotesha utosini, nazo hubaki na tabia ya kitalu zilikotoka. Daktari Norman Orentreich wa New York alieleza jambo hilo mwaka 1959. Siku hizi watu wengi husafiri kwenda Uturuki kwa kazi hii. Gharama ni kubwa, na kitalu chenyewe kina mwisho. Nywele mpya hazizaliwi, huhamishwa tu. Kwa sisi wenye nywele za kipilipili ipo taabu ya ziada: shina la unywele limepinda ndani ya ngozi, na fundi asiyezoea hulikata. Tena mtu ambaye makovu yake huvimba asikubali kisu kichwani bila kusema habari hiyo kwanza. Ziko na mashine za mwanga, na sindano za damu ya mtu mwenyewe. Kwa mtu mwenye kipato cha kawaida sioni sababu ya kuanza huko.

Mafuta ya nyonyo, ya nazi, vitunguu? Mafuta hulainisha nywele na ngozi, basi. Hayaamshi kishimo. Kupaka si vibaya, mradi usiyanunue kwa bei ya dawa.

Mimi nilichagua wembe. Nanyoa kichwa chote, na nikitoka juani navaa kofia, maana ngozi ya utosi huungua. Ninyi mtakaofuata njia hii, kinyozi atumie wembe mpya mbele ya macho yenu, na mashine yake aisafishe kwa dawa ya kuua vijidudu. Kama kisogo chatoka vipele vigumu baada ya kunyolewa, msinyoe karibu mno na ngozi, na mwende hospitali mapema kabla havijawa makovu.

Nawajibu sasa wanaopenda kununua. Chukua chupa mkononi, igeuze, usome. Tafuta jina la dawa yenyewe, si jina kubwa la mbele lenye picha ya kijana mwenye nywele. Je, waona mojawapo ya majina mawili tuliyoyaandika? Tafuta nguvu yake, kwa asilimia au miligramu. Tafuta tarehe ya mwisho wa matumizi. Tafuta jina na mahali pa mtengenezaji. Dawa huuzwa katika duka la dawa lenye kibali; Tanzania mwenye kazi ya kukagua dawa ni Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, na Kenya ni Bodi ya Famasia na Sumu. Chupa ya fundi wetu, asema, ilikuwa na picha na maneno "siku 7" tu. Wakati huo hakuweza kuyasoma hata hayo. Alisomewa na muuzaji.

Bwana fundi, jibu lako ni hili. Kidonge kipo, na chafaa kwa watu wengi wa umri wako, lakini huanzwa kwa kuonana na daktari, na huwa ni cha miaka. Dawa ya kupaka nayo ipo. Waweza pia kuacha zote mbili na afya yako isipungue hata kidogo, maana upara wenyewe hauumi. Kuchagua ni kwako.

Lakini kwanza fanya hesabu hii, na wenzako wote darasani waifanye nawe. Chupa ya minoksidili ina mililita 60. Mtu hutumia mililita 2 kwa siku. Chupa moja itatosha siku ngapi? Kwa mwaka mmoja zitahitajika chupa ngapi? Ulizeni bei ya chupa moja katika duka la dawa la karibu, mzidishe, kisha mwandike kando yake bei ya bati moja. Wiki ijayo kila mmoja aje na sanduku la dawa yoyote iliyo nyumbani kwake, hata ya kichwa au ya kikohozi. Tutaitafuta tarehe.